Dagaa wa Ziwa Victoria: Mwongozo Kamili Kutoka Mwaloni Hadi Sokoni

Chota konzi ya dagaa wakavu, wamwage kwenye sinia la bati kutoka juu kidogo. Wakilia chakarachakara kama rasharasha juu ya mabati, hao wamekauka. Wakianguka kimya na kujibana pamoja, hata kama wanang'aa namna gani, warudishe kwenye gunia la mwenyewe, mshukuru, nenda meza ya pili.

Kipimo hiki nilifundishwa na mama mmoja pale Kirumba Mwaloni, Mwanza, baada ya kunicheka kwanza. Nilikuwa nimemfikia na magunia matatu niliyoyaanika mwenyewe mchangani, mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Alifungua gunia la kwanza, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa na kuunusa. Hakusema bei. Aliniuliza, "Mwanangu, una kuku wangapi nyumbani?" Mzigo wote niliuza kwa watu wa chakula cha mifugo, na nauli ya kurudi kisiwani nilikopa.

Siku hizi zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria ni dagaa. Sangara ana viwanda, barafu na ndege za kumpeleka Ulaya. Dagaa ana jua, na mara nyingi mchanga. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mtaji mdogo anayetaka kununua dagaa wabichi mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kuwaanika, kuwafungasha na kuwauza. Si lazima uwe na mtumbwi. Lakini elewa tangu sasa kwamba biashara hii hufa au kupona ndani ya siku moja, kuanzia mtumbwi unapogusa ufukwe hadi jioni ya siku hiyohiyo.

Anza na mwezi, halafu mvua

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo mialo mingi imehamia kwenye taa za betri na sola. Taa huwekwa juu ya vielea na kuachwa majini. Vijidudu vya ziwani hufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, kisha wavuvi hupitia taa moja baada ya nyingine na kuzungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina tena cha kuwavutia. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una sehemu mbili: giza na mbalamwezi. Wakati wa mbalamwezi kambi hulala, nyavu hushonwa, vijana hupanda boti kwenda kuona familia.

Wewe mfanyabiashara ipange pesa yako kwa mpango huo. Siku za mwanzo za giza kila mtu ana njaa ya mzigo, bei ya wabichi iko juu. Katikati ya giza, samaki wakiwa tele, bei hushuka na ndipo pa kununua. Mbalamwezi ikiingia, bei ya wakavu sokoni huanza kupanda. Aliyetunza magunia mawili matatu makavu kwelikweli huyatoa wakati huo. Nasema mawili matatu, si ishirini. Dagaa si dhahabu, kadiri wanavyokaa ndivyo wanavyogeuka rangi na kupata wadudu.

Mvua nayo: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kama unaanza, anza Juni. Jua lipo, upepo upo, na utajifunza kazi kabla ya mawingu kukujaribu.

Vibali, kwa ufupi

Fika kwanza kwa BMU ya mwalo unaotaka kununulia, yaani kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Jitambulishe, uliza ushuru, uliza mahali pa kuanikia. Kisha mwone afisa uvuvi wa halmashauri akueleze leseni ya kukusanya na kuuza mazao ya uvuvi, pamoja na kibali cha kusafirisha mzigo kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Ada hubadilika, kwa hiyo usitegemee ulichoambiwa na jirani. Tunza kila stakabadhi kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu utaombwa njiani, usiku, na mtu mwenye tochi.

Jambo moja usilifanyie mzaha: usinunue dagaa waliovuliwa kwa wavu wa macho madogo kuliko sheria inavyoruhusu, hata ukiuziwa kwa bei ya bure. Utawajua kwa watoto wa sangara na furu wadogo waliojazana ndani. Mzigo huo ukikamatwa, anayelia ni aliyenao.

Kununua wabichi: uliza wavu wa saa ngapi

Mitumbwi hurudi alfajiri. Uwepo ufukweni kabla ya saa 12 asubuhi, ukiwa na ndoo zako, vijana wako wa kubeba, na vichanja vya kuanikia vilivyokwisha kusafishwa. Anayekuja saa 2 hununua mabaki.

Wanunuzi wengi hutazama juu ya mtumbwi tu. Wewe jua hivi: kwa usiku mmoja wavuvi huvuta wavu mara kadhaa. Dagaa wa wavu wa kwanza, tuseme wa saa 4 usiku, wako chini kabisa ya mtumbwi. Wamekaa humo saa nane au tisa bila barafu, wamelaliwa na wenzao na kukanyagwa na miguu ya watu sita. Wa wavu wa mwisho wako juu, wametoka majini saa 10 alfajiri na bado ni wagumu. Ni mtumbwi mmoja na mvuvi mmoja, lakini hizo ni bidhaa mbili tofauti. Omba uchotewe wa juu, au ukichanganyiwa, ushushe bei.

Kumtambua aliyechoka si kazi. Mkamate katikati kwa vidole viwili: aliye mzima husimama kidogo, aliyechoka hupinda kama uzi. Tazama tumbo, likipasuka kabla hujamwanika, kwenye kianiko litatoa mafuta na kugeuka la njano. Na pua yako isikuone mjinga, harufu ya ziwa si harufu ya uvundo.

Kipimo ni ndoo ya lita 20, na ndoo ina siasa zake. Kuna iliyobonyezwa kitako, kuna iliyopanuliwa kwa maji ya moto. Kuna kujaza kilima na kuna kukata usawa wa mdomo. Muuzaji anapenda usawa, mnunuzi anapenda kilima, na ugomvi wa kilima huanza kila asubuhi kama sala. Kubalianeni kabla ya kuchota. Mimi hubeba ndoo yangu na kuionyesha wazi, tunaipima kwa yake mbele ya watu, mambo yanaisha.

Wengine humfadhili tajiri wa mtumbwi: unampa pesa ya petroli au betri, yeye anakupa kipaumbele na punguzo. Utaratibu huu ni mzuri mpaka siku anaposhusha mzigo kwenye mwalo mwingine na kukuambia usiku ulikuwa mbaya. Andikeni, shahidi awe kiongozi wa BMU, na usimpe mtu mmoja mtaji wako wote.

Kina mama wenzangu, kuna jambo halisemwi kwenye semina. Kwenye baadhi ya mialo, samaki wakiadimika, mwanamke huambiwa aongeze kitu kisicho pesa ili apate ndoo. Upande wa Kenya lina jina kabisa, wanaliita jaboya. Kununua kwa kikundi kunasaidia sana hapa: watano mkitia pesa pamoja, anaenda mmoja au wawili, na anayeuza anajua akipoteza mmoja amepoteza wote.

Kianiko: hapa ndipo pesa ilipo

Unaweza kuanika juu ya mchanga, juu ya miamba, juu ya nyavu zilizotandazwa chini, au juu ya kichanja. Mchanga hauna gharama, ndiyo maana watu wengi wapo huko. Lakini dagaa akikaukia mchangani huubeba mchanga kwenye mapezi na tumboni, na hakuna kupepeta kutakakoutoa wote. Mlaji anausikia kwenye meno. Mbuzi wanapita, kuku wanadonoa, mbwa wanafanya yao. Mvua ikinyesha, maji hutiririka chini ya samaki na kazi imekwisha. Miamba ni nafuu, ila haitoshi watu wote.

Kichanja ni meza ya miti. Changu kina urefu wa mita 10, upana wa mita 1.2, na kimo cha kiunoni, ili nigeuze bila kuinama na bila kupanda. Upana usizidi hapo, mkono lazima ufike katikati ukiwa upande wowote. Nguzo za mikaratusi, moja kila hatua mbili; juu yake waya wa kuku kubeba uzito; juu ya waya wavu wa nailoni wenye matundu madogo. Upande mmoja uinue kidogo ili maji yachuruzike. Jenga mahali penye upepo, mbali na vyoo na dampo. Upepo unaopita chini ya wavu hukausha tumbo wakati jua linakausha mgongo, na hilo mchanga hauliwezi.

Tahadhari: usitandike chandarua chenye dawa ya mbu. Nimekiona mialo mingi, watu wanakipenda kwa kuwa ni laini na hupatikana bure. Ile dawa ni ya kuua wadudu, na wewe unaweka chakula cha watoto juu yake.

Kabla ya kuanika, suuza dagaa kwa maji safi, si yale ya pembeni ambako mitumbwi inaoshwa mafuta. Wachuje kwenye tenga kwa dakika chache. Kisha tandaza safu moja. Kipimo changu ni kilo 2 hadi 3 za wabichi kwa kila mita mraba. Ukiona wavu kwa mbali kati ya samaki na samaki, uko sawa. Kichanja cha mita 10 kwa 1.2 kinameza kama kilo 30, yaani ndoo moja na nusu. Hesabu vichanja vyako kabla ya kununua. Wengi hununua ndoo 20 wana nafasi ya ndoo 8, halafu wanarundika, na wale wa chini wanapikwa badala ya kukauka.

Wageuze baada ya saa mbili za kwanza, ngozi ya juu ikishashika. Mapema zaidi ya hapo watachubuka na kupoteza ule ufedha ambao ndio bei yenyewe. Kisha geuza kila baada ya saa moja na nusu au mbili, kwa mkono, polepole. Jua likiwa kali na upepo upo, waliotandazwa saa 1 asubuhi huwa tayari alasiri ya saa 9 au 10.

Weka maturubai karibu, si nyumbani. Wingu likija, usikusanye dagaa kwenye rundo ukidhani unawaokoa. Rundo la nusu wakavu huvukuta kwa ndani, ndani ya saa mbili utasikia joto ukiingiza mkono. Waache hukohuko kichanjani, funika kwa turubai lililoinuliwa kwa fito ili hewa ipite. Kama giza linaingia bado hawajakauka, watandaze chini ya paa. Kesho yake utapata dagaa wa daraja la pili, lakini utapata dagaa.

Kuanua na kufungasha

Mvunje mmoja. Akikatika kwa mlio, tayari. Akipinda, mrudishe. Ukijibiwa tofauti na samaki wa pembeni na wa katikati, wa katikati ndiye anayesema kweli.

Usifungashe wakiwa na moto wa jua. Waanue, watandaze kivulini wapoe kabisa, tumia muda huo kuchambua: furu, vipande vya majani, mawe, waliopasuka. Dagaa wa moto wakifungwa, gunia hutoka jasho kwa ndani, na siku ya tatu ukungu unaota. Chenga zinazobaki chini zisitupwe. Zina mteja: husagwa kwa chakula cha kuku, na wafugaji wa sato kwenye vizimba na mabwawa nao huzitafuta, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Ila ziweke gunia lake. Anayezichanganya na dagaa wa chakula ili kuongeza uzito huharibu bei ya gunia zima.

Tumia viroba vipya au vilivyofuliwa, visivyowahi kubeba mbolea. Magunia yalale juu ya mbao, mbali na ukuta. Wadudu wakiingia, dawa yao ni kuwaanika upya dagaa juani na kuwapepeta. Kuna watu wanapuliza dawa ya wadudu juu ya magunia. Sitaki hata kulijadili hilo.

Hesabu, bila kujidanganya

Samaki mbichi, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Ndoo ya kilo 20 ina kama kilo 5 za samaki halisi. Ukimkausha vizuri, abaki na maji ya asilimia 12 hivi, unapata kilo 5.7. Mnunuzi mgeni hugawanya kwa mbili na kuota ndoto. Gawanya kwa tatu na nusu.

Tuseme una vichanja vitano, umenunua ndoo 7 kwa shilingi 20,000 kila moja. Bei nazitaja kwa mfano tu, weka za siku yako. Hiyo ni 140,000. Vibarua 10,000, viroba na ushuru 6,000, nauli ya mzigo 12,000. Jumla 168,000. Umevuna kilo 40, kwa hiyo kila kilo imekugharimu 4,200. Ukiuza 5,500, una 220,000, na faida ni 52,000. Mzigo huohuo ukiwa na mchanga au umenyeshewa, ukanunuliwa na watu wa kuku kwa 3,000, unapata 120,000. Umepoteza 48,000 na mgongo unauma vilevile. Tofauti ya 100,000 kati ya siku hizo mbili haikutoka ziwani.

Sasa ona mtego. Ukiwaanua mapema, wakiwa na maji ya asilimia 25, ndoo ileile inatoa karibu kilo 6.7. Kilo moja ya ziada kila ndoo! Kwa ndoo 7 ni zaidi ya 38,000 za bure. Ndiyo maana soko limejaa dagaa nusu wakavu: anayeuza anauza maji kwa bei ya samaki. Mteja wa siku moja utampata. Anayesafirisha kwenda mbali hatarudi kwako, na watu hao huambiana.

Kirumba Mwaloni na mbele yake

Soko la dagaa la Kirumba Mwaloni huvuta wanunuzi kutoka mikoa mingine na nchi jirani: Kongo, Rwanda, Burundi, Zambia. Jifunze majina. Mkenya anawaita dagaa hawa omena, Mganda anawaita mukene. Mrundi akisema indagara au Mzambia akisema kapenta, huenda akili yake iko kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao ni samaki wa aina nyingine na wana bei nyingine. Usimwuzie mtu dagaa wa Victoria kwa jina la dagaa wa Kigoma. Akipika tu atajua.

Usiuze siku ya kwanza. Zunguka na mkono mtupu, sikia bei kwenye meza tano, angalia dagaa wa wenzako kwa kipimo cha sinia. Dalali atakupata tu, hana haja ya kutafutwa. Ana faida kwa mgeni kwa sababu anawajua wanunuzi, ila kubalianeni malipo yake kwa gunia au kwa kilo kabla hajafungua mdomo. Sisitiza mizani. Mnunuzi akitaka lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo, mwambie lumbesa nayo ina bei.

Mteja wa Lubumbashi anapitisha mzigo Tunduma, anavuka Zambia, anaingia Kasumbalesa. Ni siku nyingi ndani ya lori lililofungwa turubai. Huyu ndiye anayelipa vizuri ukimpa mkavu wa chakarachakara, na ndiye atakayekutangaza vibaya ukimpa mwenye jasho. Kuuza nje kunataka leseni yake, cheti cha afya cha mazao na kulipia mrabaha; kama huna, muuze mwenye karatasi hizo akiwa Kirumba na uishie hapo. Kwa mzigo mdogo unaovuka kwenda nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, usiozidi thamani ya dola 2,000, ulizia ofisi ya forodha mpakani kuhusu cheti rahisi cha uasilia, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka nchi mwanachama. Wachuuzi wengi hulipa zaidi ya wanachodaiwa kwa kutojua kipo.

Malipo: mzigo upimwe mkiwa wote wawili, pesa iingie kwenye simu au benki na uione kwenye salio lako mwenyewe, si kwenye ujumbe anaokuonyesha yeye. Halafu makuli wapakie.

Siku niliyorudi kwa yule mama ilikuwa Julai, na gunia moja tu. Alilimwaga nusu kwenye sinia, akasikiliza, akamwita mpima mizani. Kuhusu kuku hakuuliza.